Aliyemuuza Kamanda Zohali

Ijumaa asubuhi Bi Wahiba alipanda juu ya stuli kufuta vumbi rafu ya juu ya kabati la vioo, na mkono wake ukagusa mbao tupu. Kamanda Zohali hakuwapo. Vitabu vyake navyo havikuwapo. Kilichobaki ni alama ya boksi lake, mraba wa vumbi jepesi katikati ya vumbi zito.

Hakujiuliza ni nani. Alishuka, akaketi kwenye kochi na kitambaa chake mkononi, akaziambia kuta, "Aiman, sasa umenimaliza."

Mtaani kwao Kinondoni hakuna ambaye angesema tofauti. Aiman alikuwa mwanawe wa pili, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, na unga ulimchukua tangu ujanani. Katika nyumba ile alishauza pasi, akauza feni mbili, akauza mtungi wa gesi ukiwa na gesi yake, na saa ya mkononi ya baba yake aliiuza kabla matanga hayajaanuliwa. Lakini mwaka huu alikuwa amejiandikisha kliniki ya kuacha unga. Kila asubuhi alikwenda hospitali kwa miguu, akanywa dawa yake mbele ya nesi, akarudi. Mashavu yakaanza kujaa. Alikuwa akimmenyea mama yake vitunguu jikoni huku wakisikiliza redio. Mwezi uliopita Bi Wahiba alimpa ufunguo wa mlango wa mbele, na hilo ndilo lililomuuma sasa kuliko yote: ufunguo alimpa kwa mkono wake mwenyewe.

Mgeni angeshangaa kuona mtu mzima analia kwa ajili ya mdoli. Maana Kamanda Zohali alikuwa mdoli tu, wa plastiki, shubiri moja na nusu, mwenye kofia yenye pete kuizunguka na joho jekundu lililopauka likawa rangi ya waridi. Mgongoni alikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, mkono wa kulia unapaa juu kumpiga adui. Marehemu Matar, mume wa Bi Wahiba, alileta katoni nzima kutoka Dubai enzi zile maduka yalipokuwa matupu, akaiuza kwenye duka lake la vitabu na madaftari. Ndani ya kila boksi mlikuwa na kijitabu cha katuni cha Kizungu ambacho hakuna mtoto aliyekielewa. Ndipo Matar akamwendea mwalimu mmoja wa kuchora, Adelard, Mpogoro wa Mahenge, akamwambia, "Mwalimu, mshushe huyu mtu hapa kwetu."

Adelard akamshusha. Katika vitabu vyake vya Kiswahili, Kamanda Zohali alitua Ubungo jirani na viwanda, akawafumania walanguzi waliofukia magunia ya sukari, akalibeba mabegani pantoni lililozimika injini huku abiria wa Kigamboni wakipiga vigelegele. Na siku zote pembeni yake alikuwepo mtoto mwenye nywele za singa na pengo la meno ya mbele. Mtoto huyo alichorwa kwa sura ya Aiman. Watoto wa mtaa walikuwa wakija dukani kumtazama Aiman wa kweli, wanamgusa bega, wanamwita Mtoto wa Kamanda. Katika kabati lile Bi Wahiba alikuwa amemhifadhi mume anayecheka na mwana aliye mzima.

Alimpigia simu Azzam, mwanawe mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Temeke.

"Azzam, mwanangu, Aiman kamuuza Kamanda wa baba yenu."

Upande wa pili Bi Wahiba alisikia mtu akipiga nyundo, na mteja akiuliza bei ya misumari.

"Azzam?"

"Nimekusikia, mama," Azzam akasema. "Nakuja."

*

Azzam alifika baada ya swala ya Ijumaa, kanzu yake imenyooshwa kwa pasi hadi mikononi. Hakuja peke yake. Barazani waliketi Twalib na vijana wenzake watatu, wale wa ulinzi wa mtaa, ambao mchana hushinda kijiweni kwenye kona. Bi Wahiba aliwapelekea maji ya kunywa, wakanywa, wakamshukuru. Hakuwauliza wamefuata nini.

Aiman akaingia na mafungu mawili ya mchicha aliyoagizwa.

"Shikamoo, kaka."

Azzam hakuitikia. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinizungushe, Aiman. Kamanda yuko wapi?"

Aiman aliligeukia kabati. Alitazama rafu ya juu kwa muda, halafu akauweka mchicha juu ya meza polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. "Nani kamchukua?"

"Anatuuliza sie!" Azzam akacheka kicheko kifupi.

"Mama." Aiman alimwacha kaka yake, akamkabili mama yake. "Pasi niliiba. Feni niliiba, zote mbili. Saa ya baba niliiba, na Mungu ananiona. Lakini huyu alikuwepo hapo miaka yote. Kuna siku nilikuwa nagaragara hapahapa sakafuni kwa arosto, mwili unadai unga, yeye yuko juu ananitazama, na sikumgusa. Ndiyo nije nimwibe leo, nina nafuu?"

Yalikuwa maneno ya kweli, na mtu aliyetulia angeyaona kuwa ya kweli. Bi Wahiba hakuwa ametulia. Aliyasikia kama alivyozisikia hadithi nyingine zote za Aiman, maana zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa na machozi.

"Taja tu ulikompeleka," akamwambia. "Taja, kaka yako akamkomboe, yaishe."

"Mama, wallahi..."

"Usiape! Usiniapie mie! Siku ile uliniapia kwa msahafu na mtungi wa gesi uko kwenye kiroba nyuma ya mlango!"

Aiman akainamisha macho kwenye mchicha. Hilo wote wawili wakalichukua kuwa ndilo jibu.

Azzam akaenda mlangoni. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Twalib."

Walimtoa nje, uchochoroni kati ya nyumba yao na ya Tabu, muuza maandazi. Walikuwa na mpira wa maji na ubao wa kitanda. Bi Wahiba alibaki chumbani kwake, amesimama karibu na dirisha, akisikia. Mwanzo Aiman alikuwa akisema, "Sikuchukua mie." Baadaye akawa anasema, "Basi, basi." Ubao ukalia kwa namna nyingine, na hapo akapiga ukelele mmoja tu.

Tabu akatoka na unga wa ngano mikononi. "Bi Wahiba! Bi Wahiba, watakuulia mwanao huku!"

Bi Wahiba akafungua dirisha. Aiman alikuwa amekaa chini, ameukumbatia mkono wake wa kushoto kama mtu anayebembeleza mtoto. Alinyanyua uso akamwona mama yake, na kwa kitambo kidogo uso ule ukapata matumaini.

"Usirudi humu ndani," mama yake akasema, na majirani wote wakasikia. "Nenda huko ulikoipeleka mali ya baba yako. Radhi zangu huna, Aiman. Duniani huna, na akhera tusijuane."

Akafunga dirisha.

Watu wakatawanyika bila kutazamana. Neno la radhi si neno la kutamka mbele za watu; hata Twalib aliutupa ubao wake. Azzam alibaki uchochoroni, mikono nyuma, akitazama ndala moja ya Aiman iliyoachwa mchangani. Baadaye aliingia ndani, akala chakula kidogo, akaaga.

*

Rumaisa, binti wa mwisho, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika na ambaye alikuwa akiuza kwenye duka la dawa Magomeni, alikuta mambo yamekwisha. Mchicha ulikuwa umenyauka juu ya meza.

"Mlimuuliza nani mwingine?" akasema.

"Nani mwingine wa kuulizwa? Wewe?"

"Ndiyo. Mngeniuliza mie. Mngemuuliza Azzam. Hata fundi aliyekuja kutengeneza friji mngemuuliza."

"Rumaisa, usinitie wazimu."

"Na mkono wake nani anaufunga?"

Bi Wahiba aliuzoa mchicha, akaenda kuutupa. Usingizi ulimpotea siku zile, lakini hasira ilimsaidia kusimama. Alibadilisha kitasa cha mlango. Alizifunga nguo za Aiman kwenye shuka, akaziweka uani. Tabu alipompitia asubuhi na maandazi, hakusimama tena kuzungumza. Alikuwa akiyaacha barazani, anachukua hela yake, anaondoka.

Rumaisa ndiye aliyekwenda kliniki. Kule alimkuta Lusungu, mwanamke wa Tukuyu aliyewahi kutumia unga mwenyewe na sasa akiwafuatilia wenzake. Lusungu akamwambia kwamba Aiman alikuja mara moja tu, mkono umevimba kama mhogo, akanywa dawa, akaambiwa aende kupigwa picha, akasema anakwenda. Tangu hapo hakuonekana.

"Akikaa nje hivi, dada, anaanza upya," Lusungu alisema. "Anarudi chini kabisa kwenye dozi. Na wengi hawarudi. Mwambieni mama."

Rumaisa alimwambia mama. Mama alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Kamanda wa baba yake kamvutia unga," akasema. "Sasa amekwisha, na dawa haitaki tena. Mie nifanye nini?"

*

Wiki ilipita, na ya pili ilikuwa katikati, simu ya Bi Wahiba ilipolia kwa namba asiyoijua.

"Shemeji Wahiba? Ni mwalimu Adelard hapa."

Hawakuwa wamezungumza tangu maziko ya Matar. Adelard aliuliza hali, akaulizwa hali, akakohoa, ndipo akaingia kwenye shida yake.

"Nilitaka kujua tu, shemeji. Vile vitabu vyetu vya Kamanda, mmekubaliana nyumbani vichapwe upya? Maana huyu bwana hakunieleza vizuri."

"Bwana gani?"

Adelard akakohoa tena. "Labda ungekuja," akasema. "Au umtume Rumaisa."

Walikwenda wote wawili Ubungo, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo Adelard aliishi na mwanawe Fransis na wajukuu. Mzee alikuwa amekonda, jicho moja limeingia ukungu, lakini vidole vyake vilikuwa bado na wino. Alimwagiza mjukuu maji, akaomba radhi kwa kukosa soda.

"Amekuja kijana mmoja wa Mikocheni," akaeleza, "anaitwa Daniel. Anakusanya vitu vya zamani. Saa, redio, midoli. Alikuja na vitabu vyote nivitie saini ili vichapwe upya, na Kamanda mwenyewe ndani ya boksi lake. Nilifurahi, shemeji, sikufichi. Nilidhani hakuna nakala iliyobaki duniani. Nikafungua cha walanguzi wa sukari, nikaona doa la kahawa niliyoimwaga mwenyewe pale dukani kwenu, Matar akanitukana. Nikajua hivi ni vyake."

"Alikwambia kavipata wapi?" Rumaisa akauliza.

"Kauziwa na mtoto wa marehemu. Tena alisema ni mtu mstaarabu sana, mwenye duka la nondo Temeke. Alimfuata mwenyewe Daniel pale Mikocheni na gari."

Bi Wahiba alikuwa na glasi ya maji mkononi. Aliinywa yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, akaiweka chini.

"Lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi uliopita, alivyosema. Mdoli wenyewe nadhani umeshapanda ndege. Kapata mtu huko Ulaya."

Mwanzoni mwa mwezi uliopita Aiman hakuwa hata na ufunguo.

Rumaisa alimtazama mama yake, halafu akatazama pembeni. Adelard, ambaye hakujua lolote, aliona amemkera mgeni wake, akatafuta jambo la kumchangamsha.

"Na yule mwanangu wa pengo," akasema, akitabasamu, "Mtoto wa Kamanda. Hajambo? Nilikuwa nampenda kumchora. Mtoto mwingine unamwambia atulie hatulii, yule alikuwa anatulia."

"Hajambo," Bi Wahiba akasema. Akainuka, akamwashiria Rumaisa watoke.

*

Hawakurudi nyumbani. Walikwenda moja kwa moja Temeke.

Azzam alikuwa kaunta, anamwandikia mteja. Alipowaona mlangoni akaelewa. Alimalizana na mteja, akamwambia kijana wa duka akachukue saruji stoo, akavuta viti viwili vya plastiki. Bi Wahiba hakukaa.

"Kwa nini?"

"Mama, kaa kwanza."

"Kwa nini, Azzam?"

"Mwenye fremu alitaka kunitoa," Azzam akasema kwa sauti ya chini. "Kodi ya mwaka mzima, mara moja. Ningefungiwa duka mbele ya watu wote hawa. Nikasikia kuna mtu ananunua vitu hivyo kwa bei ya ajabu. Nikasema, kitu chenyewe kiko kabatini, hakuna anayekitazama. Nilitaka kukwambia mambo yakitulia."

"Na nilipokupigia simu?"

"Wewe ndiye uliyemtaja, mama." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mie sikumtaja. Ulisema, 'Aiman kamuuza.' Hukuuliza. Nikaona... basi. Yeye kashazoea."

"Kashazoea nini?"

"Kulaumiwa."

Rumaisa akasema, "Uliwaleta wakamvunja mkono."

"Sikuwaambia wamvunje! Niliwaambia wamtishe. Nilijua ataondoka siku mbili, atarudi kama anavyorudigi, na mama atamsamehe kama anavyomsamehegi. Si ndivyo ilivyo kila siku? Yeye anauza nyumba nzima, anasamehewa. Mie ndiye ninayeleta unga wa ngano, ninayelipa umeme wa kule, niliyemzika baba. Na katika vitabu vyote vile, mama, mie sikuchorwa hata ukurasa mmoja. Hata pembeni! Nilikuwa nasimama dukani, watoto wananisogeza wamwone yeye."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini, tumbo limemtangulia, na sauti ilimkatika kama ya mtoto. Bi Wahiba alimwonea huruma. Hilo alilisema baadaye kwa Rumaisa: kwamba alimwonea huruma, na huruma hiyo haikumpa nguvu ya kumshika bega.

"Utakuja mtaani," akamwambia. "Kesho. Utasimama palepale uchochoroni, uwaambie walewale."

"Mama, siwezi."

"Utakuja."

"Siwezi! Msikitini wananikabidhi mfuko wa msiba. Watu wananikopesha mzigo kwa neno langu tu. Unataka univue nguo? Nitamlipia hospitali, nitamtafuta, nitampa chumba. Lakini hilo usiniambie."

"Aiman alivuliwa bila kuulizwa," Bi Wahiba akasema. "Basi nitakwenda mie. Nami nina langu la kusema."

Alitoka. Azzam akawafuata hadi barazani, akasimama kati ya ndoo za rangi na mabomba, akiita, "Mama! Mama, subiri nikutafutie bajaji!" Wateja waligeuka kumtazama mtu mstaarabu anavyomjali mama yake.

*

Kesho yake Bi Wahiba alivaa baibui, akaanzia kwa Tabu.

"Tabu, mwanangu Aiman hakuiba. Aliyeuza ni Azzam. Na mie nilikuwa dirishani, nikasikia yote, nikafunga."

Tabu alikuwa akikaanga. Aliepua karai, akafuta mikono. "Mie nilijua hakuiba, Bi Wahiba," akasema. "Mwizi akipigwa anataja. Hata uongo atataja, ili aachwe. Yeye hakutaja kitu."

Alikwenda nyumba ya pili, ya tatu. Kila mlango alisema maneno yaleyale, asiongeze wala kupunguza. Wengine walimkaribisha ndani kwa haraka ili asiendelee kusema kibarazani, akakataa kuingia. Mama mmoja alimshika mkono akamnong'oneza, "Mambo ya ndani hayo, shoga, yafunike." Akamjibu kwamba hakuyafunika alipokuwa anamnyima mwanawe radhi.

Kijiweni vijana walikuwa wanacheza bao. Walipomwona, wote wakainuka.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Twalib, Aiman hakuiba."

Twalib akaangalia wenzake. "Bi mkubwa, sie tuliitwa tu. Braza Azzam ndiye alisema..."

"Najua alichosema. Nawaambia hakuiba. Nami niliwapa maji."

Twalib, kijana mrefu mwenye mabega ya kubeba dunia, alikuwa akizigeuza kete mkononi, moja baada ya nyingine. "Kwa hiyo tufanyeje?" akauliza hatimaye, kwa dhati, kama mtu anayetaka kuonyeshwa.

"Sijui," Bi Wahiba akasema. "Mie mwenyewe sijui."

*

Lusungu ndiye aliyewapeleka Bi Wahiba na Rumaisa. Aiman alikuwa Mwananyamala, kwenye pagale la ghorofa lililosimama kujengwa tangu mwenye kiwanja afe, mahali ambapo mateja, wavuta unga, walikuwa wakishinda. Jua lilikuwa kali. Waliingia kupitia tundu la dirisha, juu ya vifusi na maboksi. Rumaisa alifunika pua kwa mtandio, akaona aibu, akaufunua.

Aiman alikuwa ameegemea nguzo. Mashavu yalikuwa yamerudi ndani. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kichafu na kupinda pale usipopaswa kupinda. Alimtazama mama yake bila mshangao, kwa macho mazito, kama anayemtazama kwenye televisheni.

"Mama. Umefuata nini huku, utachafuka."

Bi Wahiba alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yakampotea, likabaki moja.

"Hukuiba, mwanangu."

Aiman alifikiri. "Kamanda?"

"Ndiyo. Hukumchukua wewe. Kamuuza kaka yako, kabla hata sijakupa ufunguo. Nimewaambia mtaa mzima. Hukuiba."

Alitegemea atalia, au atafoka, au atamwambia ondoka. Yote hayo alikuwa tayari kuyapokea. Aiman aliukunja uso tu, kama anayepiga hesabu ngumu.

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

"Maana mie nilikuwa najaribu kukumbuka." Aliongea polepole, ulimi mzito. "Waliponipiga, nikawa nasema sikuchukua. Halafu ukasema wewe, pale dirishani. Nikasema, mama hawezi kusema vile bure. Labda nilimchukua nikasahau. Mie nasahauga vitu. Nimekaa hapa siku zote hizi najiuliza nilimuuzia nani. Nilikwenda mpaka Manzese kuuliza, kama kuna mtu nilimuuzia mdoli."

Rumaisa akageukia ukuta.

Bi Wahiba alipiga magoti kwenye vifusi. Alikishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, kichwa chenye jasho na harufu, akasema kwa sauti ambayo kila aliyekuwa ndani ya pagale aliisikia, kama mtaa ulivyoisikia ile ya dirishani: "Radhi zangu unazo, Aiman. Duniani unazo, na akhera unazo. Mie ndiye ninayekuomba radhi wewe."

"Haya, mama," Aiman akasema kwa upole, kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Macho yalikuwa yanajifunga.

Lusungu akachutama karibu yao. "Aiman. Twende kliniki. Tunaanza chini, unajua, lakini tunaanza. Na mkono wauone."

"Kesho," Aiman akasema.

"Leo, braza."

"Kesho nakuja. Kweli kabisa. Kesho asubuhi."

Lusungu alimtazama Rumaisa, akatikisa kichwa kidogo. Neno hilo alishalisikia mara nyingi, na alishalisema mwenyewe. Akainuka, akakung'uta sketi. "Mama, tumwache. Nitampitia asubuhi. Leo ameshavuta, hata tukimbeba hatatusikia."

"Nyie nendeni," Bi Wahiba akasema.

"Mama!" Rumaisa akamshika mkono. "Hapa si pa kukaa."

"Amesema kesho asubuhi. Nitakuwa hapa hiyo asubuhi."

"Atakuwa amekwenda kutafuta unga kabla jua halijachomoza, mama," Lusungu akasema. "Sikutishi. Ndivyo tulivyo."

"Nitamfuata huko anakokwenda."

Walimsihi, wote wawili, kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mwenye presha, ambaye hakuwahi kukaa chini mahali pasipo na mkeka. Hakubishana nao. Alilikusanya baibui lake, akatafuta pa kukaa kati ya matofali.

Pembeni, kijana mmoja aliyekuwa amejilaza, asiyemjua yeye wala mwanawe, aliinuka kwa shida. Alilivuta boksi alilokuwa amelilalia, akalipasua katikati, akamtandikia bibi nusu yake.